Hesabu Haina Mkubwa

Msomaji kijana, kuna ugonjwa mmoja katika shule zetu ambao hauonekani kwa macho wala haupimwi kwa kipimajoto. Mgonjwa wake hana homa, halalamiki, na mara nyingi hupata alama nzuri. Ugonjwa wenyewe ni kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa au limepigwa chapa kitabuni. Leo nataka kuupiga vita ugonjwa huo, na silaha yangu ni namba moja tu.

Kabla ya kuitaja namba hiyo, yanipasa kukiri kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuugua. Nilipokuwa na umri kama wako, tulipewa zoezi la kuchagua namba tasa katika orodha ndefu. Namba tasa, kama ujuavyo, ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa namba yenyewe. Mfano wake ni 2, 3, 5, 7 na 11. Katika orodha ile ilikuwamo 91. Niliigawa kwa 7, nikapata 13 bila baki, nikaandika kuwa 91 si tasa. Kisha, kwa woga wa mwanafunzi, nikafunua kurasa za mwisho za kitabu palipoandikwa majibu. Nikakuta 91 imetiwa miongoni mwa namba tasa. Unadhani nilifanya nini? Nilichukua kifutio, nikafuta kazi yangu iliyo sahihi, nikaandika kama kitabu kilivyosema. Mwalimu alisahihisha kwa kufuata kitabu hicho hicho, akanitia alama ya vema.

Sijapata kuisahau vema ile. Sikunyang'anywa ukweli na mtu yeyote. Nilikuwa nao mkononi, nikautupa mwenyewe, na nikalipwa kwa kuutupa. Mpiga chapa alikosea, na kukosea ni ada ya binadamu. Lakini kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake, kwa kuwa yeye hakujua, na mimi nilijua.

Wako watakaonipinga mara moja. Watasema: Mwanafunzi ni nani hata akishindane na kitabu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukiwafundisha vijana kutilia shaka kila neno, nyumba zitakosa adabu na madarasa yatakuwa soko. Hoja hii si ya kudharauliwa. Aliyetangulia kupita njiani ajua mashimo yalipo, na mtoto anayekataa kila onyo hana umri mrefu. Mimi sisemi kuwa neno la mkuu litupwe. Nasema lipimwe pale linapoweza kupimwa, na nasema kuwa mkuu wa kweli hachukii kipimo. Sasa njoo uione namba yangu, maana imebeba habari ya mkuu mmoja aliyeaminiwa kwa zaidi ya miaka 200.

Chukua mabao mawili ya mchezo wa bao unaochezwa pwani yetu. Kila bao lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Mabao mawili yana mashimo 64. Chimba mashimo mengine 3 ardhini kando yake, yatimie 67. Sasa tia kete 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, 8 katika la nne, ukiendelea hivyo kwa kuongeza maradufu. Mwanzoni utacheka, kwa maana kazi ni nyepesi. Katika shimo la kumi utahitaji kete 512. Katika la ishirini utahitaji 524,288. Ukifika mwisho wa bao la kwanza, shimo moja tu litadai kete 2,147,483,648, nawe bado hujaligusa bao la pili. Lau ungeweza kuyajaza mashimo yote 67, jumla ya kete ingekuwa hii:

147,573,952,589,676,412,927.

Namba hii ina tarakimu 21. Hupatikana kwa kuandika 2 mara 67, kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa 1. Wenye elimu ya hesabu husema ni 2 kwa kipeo cha 67, ukiondoa 1. Swali lililowashughulisha watu juu yake ni fupi: je, namba hii ni tasa au si tasa?

Usidhani ni swali la wavivu waliokosa kazi. Namba za jamaa hii zilitafutwa tangu zamani. Ukianza na vipeo 2, 3, 5 na 7, utapata 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa. Euclid, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alionyesha kuwa kila namba ya jamaa hii iliyo tasa huzaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe. Hivyo 3 huzaa 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Na 7 huzaa 28, ambayo ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Kwa hiyo aliyesema kwamba namba fulani ya jamaa hii ni tasa alikuwa amesema mambo mawili kwa mara moja, na kama la kwanza ni la uongo, la pili nalo lilipoteza msingi wake. Kosa halikai peke yake. Huzaa na kuongezeka.

Tena jamaa hii ina hila. Kipeo kikiwa si tasa, namba yake haiwezi kuwa tasa. Jaribu 15, ambayo ni 3 mara 5: namba yake ni 32,767, nayo ni 7 mara 31 mara 151. Ziangalie 7 na 31. Ndizo namba za kipeo 3 na kipeo 5, zimejificha ndani ya mama yao. Basi mtu aweza kudhani kuwa kinyume chake nacho ni kweli, kwamba kipeo kikiwa tasa na namba itakuwa tasa. Mifano minne ya kwanza yamwunga mkono. Lakini akifika kipeo 11 atapata 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89. Mifano minne haikutosha kuwa ushahidi. Liweke neno hili moyoni, maana litakufaa hata nje ya darasa, utakapomsikia mtu akiwahukumu watu wa kabila zima kwa kuwa amekutana na wanne wao.

Sasa nije kwa mkuu niliyemtaja. Mwaka 1644 mtawa mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, alichapisha kitabu mjini Paris. Mersenne hakuwa mtu wa ovyo. Aliandikiana barua na wataalamu wakubwa wa zama zake, miongoni mwao Descartes na Fermat, na elimu nyingi ya Ulaya ilipita mikononi mwake kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Katika kitabu chake alitangaza kuwa, kwa vipeo vyote mpaka 257, namba za jamaa hii zilizo tasa ni za vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, na kwamba zilizobaki zote si tasa. Hakuonyesha alivyojua. Na ni dhahiri kuwa hakuweza kuzipima zote, kwa maana namba ya kipeo 257 ina tarakimu 78, na kwa karatasi na wino wa siku zile hapakuwa na njia.

Je, walimwengu walifanya nini? Waliipokea orodha, wakaisoma, wakairudia. Mkuu alikuwa amenena. Miaka 100 ikapita, na mingine 100, na namba yetu ikaendelea kukaa katika orodha ya namba tasa, kama ile 91 yangu katika kurasa za nyuma za kitabu.

Mwaka 1876, yaani miaka 232 baada ya Mersenne, Mfaransa mwingine aitwaye Édouard Lucas aliipima namba ya kipeo 67, akakuta si tasa. La ajabu ni kwamba alilijua hilo bila kujua hata kigawo kimoja chake. Labda utauliza: yawezekanaje kujua kuwa namba hugawanyika bila kujua kwa nini? Nitakuonyesha kwa namba ndogo, nawe uchukue kalamu, usinisadiki kwa mdomo.

Kanuni ya Lucas, kwa umbo alilolinyosha D. H. Lehmer wa Marekani mwaka 1930, yaenda hivi. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha igawe kwa namba unayoipima na ushike baki tu. Baki hiyo uifanyie vivyo hivyo, na kuendelea, mpaka hatua zitimie mbili pungufu ya kipeo. Baki ya mwisho ikiwa sifuri, namba ni tasa. Ikiwa si sifuri, si tasa. Ipime 31, ambayo kipeo chake ni 5, kwa hiyo hatua ni 3. Kutoka 4 wapata 14. Kutoka 14 wapata 194, na baki yake kwa 31 ni 8. Kutoka 8 wapata 62, na baki yake ni sifuri. Basi 31 ni tasa. Sasa ipime 2,047, ambayo kipeo chake ni 11, kwa hiyo hatua ni 9. Ukianza na 4 utapata 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na mwisho 1,736. Baki si sifuri. Basi 2,047 si tasa, na kuijua hukumu hiyo hukuhitaji kuzitaja 23 na 89 hata kidogo. Kwa namba yetu kubwa hatua za kanuni hii ni 65 tu. Ni hatua nzito, lakini zahesabika. Mtu mwenye subira na karatasi aweza kuzimaliza.

Hata hivyo, Lucas alikuwa ameonyesha kuwa nyumba ina mlango, na hakuna aliyeuona. Vigawo vyenyewe vilikuwa wapi? Hapa ndipo aingiapo Mmarekani Frank Nelson Cole. Mwezi wa Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hesabu cha Marekani mjini New York, Cole alitoa kazi yake juu ya kuzivunja namba kubwa. Husimuliwa kwamba alikwenda ubaoni bila kusema neno, akahesabu 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kisha akasogea upande wa pili wa ubao akaandika namba mbili:

193,707,721 na 761,838,257,287.

Akazizidisha kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Majawabu ya pande mbili yakawa sawa. Akarudi akaketi, bado hajafungua kinywa, na watu wakampigia makofi. Husimuliwa pia kwamba alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Mtazame vizuri mtu huyu, msomaji. Hakumtukana Mersenne. Hakusema: Mimi ni profesa, niaminini. Hakutaja cheo chake wala shule yake. Aliandika namba mbili ubaoni, na tangu saa ile mtoto yeyote ajuaye kuzidisha angeweza kumhukumu. Jina la mtu mkubwa lilikuwa limeitegemeza orodha ile kwa miaka 259. Kuzidisha kwa ubaoni kuliiangusha. Hii ndiyo maana ya maneno niliyoyaweka juu ya insha hii. Katika hesabu hakuna mkubwa. Mfalme akisema kuwa 91 ni tasa, na mchunga mbuzi akasema kuwa ni 7 mara 13, mchunga mbuzi ndiye mwenye haki, na jeshi zima la mfalme haliwezi kuibadili haki hiyo.

Wala kosa la orodha ile halikuwa hilo peke yake. Namba ya kipeo 257 nayo haikuwa tasa. Na vipeo 61, 89 na 107, alivyoviacha nje Mersenne, vilikuwa na namba tasa. Kipimo cha orodha yote kilikamilika mwaka 1947, miaka 303 baada ya kitabu kuchapishwa. Makosa matano yalikaa humo, nayo yangeweza kukaa mpaka leo kama watu wote wangalikuwa na moyo ule niliokuwa nao mimi nilipochukua kifutio.

Sasa nawageukia wapinzani wa pili. Hawa husema: Yote hayo ni mazuri, lakini namba hiyo itanunua nini sokoni? Shamba halilimwi kwa tarakimu 21. Kijana wa Kenya ana haja ya kazi, si vigawo vya namba ambayo hata kete zake haziwezi kupatikana duniani.

Majibu yangu ni mawili. Kwanza, watu hawa hawakufuatilia habari za dunia waishiyo. Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe ambayo nguvu yake yatoka katika jambo lile lile lililomchosha Cole: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, bali kuzitambua baada ya kuzidishwa ni kazi ngumu mno. Kwa njia hiyo na nyingine za namna yake, barua nyingi na fedha nyingi zimelindwa zinapopita katika intaneti. Aliyeuliza namba hizi zitanunua nini sokoni hajui kuwa huenda ndizo zinazolinda mfuko wake.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, Cole hakujua habari hizo mwaka 1903, na hakuwa na haja ya kuzijua. Faida ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kuondoa uongo mahali ulipokuwa. Mtu anayeupenda ukweli pale tu unapomletea shilingi hana mapenzi na ukweli, anapenda shilingi. Mtu wa namna hiyo ukimpa shilingi zaidi kwa uongo, ataununua na kuuuza. Nchi haiwezi kujengwa naye, hata akiwa na vyeti vya kujaza sanduku.

Wapinzani wa tatu ndio wengi siku hizi. Hawa husema: Kwa nini nijitaabishe? Kikokotoo kipo, kompyuta ipo. Kweli, zipo, nami sina ugomvi nazo. Lakini nakuomba ufanye jaribio dogo. Chukua kikokotoo cha mfukoni kionyeshacho tarakimu 10. Kiulize 2 kwa kipeo cha 67. Kitakujibu kuwa ni 1.475739526 mara 10 kwa kipeo cha 20. Sasa toa 1. Kitakujibu vile vile, wala hakitaona kuwa umetoa kitu. Kwa macho ya chombo hicho, 2 kwa kipeo cha 67 na namba yetu ni kitu kimoja. Lakini moja ni shufwa na nyingine ni witiri! Moja hugawanyika kwa 2 mara 67, na nyingine haigawanyiki kwa 2 hata mara moja. Chombo kimekupa tarakimu 10, kikakunyima 11 zilizobaki, na katika hizo 11 ndimo ilimokuwa habari yote. Wala hakikukuonya. Anayejua hesabu hutambua kuwa amekatiwa nguo. Asiyejua huvaa kipande akadhani ni kanzu.

Kompyuta, ikielekezwa vema, huivunja namba yetu kwa muda mfupi kuliko sekunde moja. Naisifu kwa hilo. Lakini ni nani aliyeielekeza? Kuna sheria isemayo kuwa kipeo kikiwa tasa kilicho kikubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha namba yake, ukikitoa 1, hugawanyika kwa maradufu ya kipeo hicho. Ijaribu kwa 2,047: maradufu ya 11 ni 22, na 23 ni 22 ukiongeza 1, na 89 ni mara 4 ya 22 ukiongeza 1. Kwa namba yetu, maradufu ya 67 ni 134. Na 193,707,721 ni 134 mara 1,445,580, ukiongeza 1. Hata kwa msaada wa sheria hiyo, mtu ambaye angejaribu kila namba ya namna hiyo tangu mwanzo, kila moja kwa dakika 1, kwa saa 8 kila siku bila kupumzika, angekipata kigawo kidogo baada ya zaidi ya miaka 8. Cole alipunguza kazi hiyo kwa kutumia baki za namba zilizozidishwa kwa zenyewe, ambazo zilimwonyesha ni wapi hapana haja ya kutafuta. Sheria hizo hazikutoka katika chuma. Zilitoka vichwani mwa watu waliokaa na kufikiri. Ilipotangazwa kuwa namba fulani ni tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, kama ilivyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 2024 kwa namba ya kipeo 136,279,841 yenye tarakimu 41,024,320, mashine ndizo zilizofanya kazi ya mikono, lakini zilitembea katika njia iliyofyekwa na Lucas. Aachaye kufikiri kwa sababu ana mashine ni kama anayejing'oa macho kwa sababu amenunua miwani.

Wako na wapinzani wa nne, ambao hawasemi kwa sauti. Hunong'ona tu: Mambo haya ni ya watu wa mbali, wenye vipawa vyao, sisi tutajifunza majibu tu, yatutosha. Maneno haya hunikasirisha kuliko yote. Neno hesabu, neno tarakimu na neno sifuri tulilipokea kutoka Kiarabu, na tarakimu tunazoziandika zilitoka Uhindi zikapitia kwa Waarabu kabla ya kufika Ulaya. Mersenne na Lucas walizitumia tarakimu za wageni wala hawakuona haya. Elimu hii haijapata kuwa ya kabila moja. Na kipawa cha Cole kilikuwa nini? Alikuwa na akili, sikatai. Lakini kilichoiangusha namba yetu ni akili pamoja na Jumapili nyingi, na Jumapili hugawiwa kila mtu sawasawa.

Nimekwisha kuwajibu wapinzani. Yabaki kuwajibu rafiki zangu, ambao wataweza kuyachukua maneno yangu na kuyapotosha. Kupima si kubeza. Anayesimama darasani na kumwambia mwalimu kuwa amekosea, bila kuonyesha kosa lenyewe, si mpenda ukweli. Ni mpenda kusikika. Ukiona kosa, fanya kama Cole: leta hesabu, iweke mezani, uketi. Sema: Mwalimu, nimeigawa 91 kwa 7 nikapata 13, naomba unionyeshe nilipokosea. Mwalimu mwema atafurahi, na asiye mwema atashindwa kukujibu. Na uwe tayari kwa siku ambayo hesabu itaonyesha kuwa aliyekosea ni wewe, maana siku hizo zitakuwa nyingi. Anayedai haki ya kuwapima wengine hana ruhusa ya kukasirika anapopimwa.

Tena usimcheke Mersenne. Namba hizi zaitwa kwa jina lake hata leo, na ni haki yake. Aliuliza swali jema, akatoa jibu lililowapa wengine kitu cha kushika na kupima. Aibu si ya aliyekisia akakosea. Ni ya walioimba kisio lake kama kwamba ni ushahidi.

Najua pia kuwa huwezi kulipima kila jambo mwenyewe. Huwezi kupima dawa zote za daktari wala kulikagua daraja kabla ya kulivuka. Yakulazimu kuamini mengi. Lakini chagua vema wa kuamini: mwamini zaidi yule anayekuonyesha njia ya kumpima, na umwogope yule akasirikaye unapomwuliza alijuaje. Wanamaji wetu wana usemi wa kale: Usisafirie nyota ya mwenzio. Hawakumkataza mtu kufunzwa nyota. Walimkataza kutia chombo baharini kwa nyota asiyoijua mwenyewe.

Namaliza kwa kukupa kazi, maana insha ya hesabu isiyoacha kazi ni maneno matupu. Nimekuambia kuwa 193,707,721 mara 761,838,257,287 ni 147,573,952,589,676,412,927. Umejuaje kuwa ni kweli? Anza na kipimo chepesi. Jumlisha tarakimu za namba ya kwanza: utapata 37, na 3 na 7 ni 10, na 1 na 0 ni 1. Za namba ya pili ni 64, ambazo nazo huishia 1. Basi jawabu nalo lapaswa kuishia 1, kwa kuwa 1 mara 1 ni 1. Tarakimu zake zote zikijumlishwa ni 109, nazo huishia 1. Kipimo kimekubali. Lakini usishangilie upesi: ningalizibadilishana nafasi tarakimu mbili za jawabu, kipimo hiki kisingaliona. Kipimo kiwezacho kukamata kosa si lazima kiweze kuthibitisha usahihi. Wengi hulisahau neno hilo.

Kwa hiyo chukua karatasi pana yenye mistari ya miraba, uchonge kalamu, uzidishe. Kizidisho kina tarakimu 9, na moja ni sifuri, hivyo mistari ya kujumlisha itakuwa 8. Utakosea mara ya kwanza; anza tena. Ukimaliza na jawabu likawa sawa, utakuwa umelijua jambo ambalo wasomi wa Ulaya hawakulijua kwa zaidi ya miaka 200, nawe hutakuwa umelijua kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya Cole, wala kwa ajili ya kitabu hiki.

Na kama jawabu lako halikuwa sawa, ukarudia kwa uangalifu na bado halikuwa sawa, basi usichukue kifutio. Mwonyeshe mwalimu wako karatasi yako, na mwambie kuwa kitabu kimekosea.